Wasomaji Wanauliza: Nimeumia, Nidai Lini?

Mwezi huu meseji na barua zimekuwa nyingi kweli na karibu zote zinazunguka jambo moja, mtu kaumizwa kwa uzembe wa mwingine, ana haki ya kudai fidia, halafu amekaa nayo. Mmoja kakaa wiki tatu, mwingine miaka. Kwahiyo safu nzima ya leo nimeiacha kwa hilo. Wanaonifuatilia wanajua kabla sijaanza kuandika hapa nilikuwa karani kwenye ofisi ya mawakili, mimi ndo nilikuwa wa kwanza kupokea watu mlangoni, na hakuna kitu kilikuwa kinaniuma kama kumpokea mtu ambaye mguu wake unaonekana wazi hautarudi kama zamani, karatasi zake zote ziko sawa, ila tarehe ndo haiko sawa.

SWALI: Shikamoo mama. Mi niligongwa na gari miezi minane iliyopita nikiwa navuka barabara, mguu ukavunjika sehemu mbili, nikafungwa POP nikakaa ndani miezi mitatu. Dereva hakukataa kosa na bima yake nayo haijakataa, kila nikipiga simu yule afisa ananiambia usijali faili lako linashughulikiwa. Sasa rafiki yangu ananisukuma nifungue kesi, mi naona kama nitawaudhi wakati tunaelewana vizuri. Nisubiri au nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, mfupa kuvunjika sehemu mbili sio mchezo. Rafiki yako yuko sahihi na nakuomba umsikilize wiki hii hii.

Kuelewana na bima ni kitu kimoja, kufungua madai ni kitu kingine kabisa. Tangu siku ile uliyogongwa kuna muda umeanza kuhesabika, wanasheria wanaita ukomo wa muda, ukiisha kabla hujafungua kesi mahakamani basi mdaiwa anasimama anasema tu huyu amechelewa, na hapo hata kama kosa ni lake mia kwa mia kesi inatupwa bila mtu kuuliza mguu ulivunjikaje. Muda wenyewe unategemea nchi. Kenya na Tanzania madai ya namna hii ni miaka 3, Uingereza nao ni 3 kwa sheria yao ya mwaka 1980, Hispania sehemu kubwa ni mwaka 1 tu, Ufaransa wanakupa 10 na wanaanza kuhesabu hali yako ikishatulia. Marekani kila jimbo na lake, Tennessee mwaka 1, California miaka 2, Florida ilikuwa 4 wakaikata ikawa 2 mwaka 2023, Louisiana ilikuwa 1 wakaongeza ikawa 2 kwa ajali za kuanzia Julai 2024. Kwahiyo hata ukisikia ndugu yako alidai baada ya muda fulani akalipwa usiibebe hiyo kama sheria yako, inawezekana imeshabadilika au alikuwa anamdai mtu wa aina nyingine. Na kama gari lililokugonga ni la serikali angalia haraka zaidi maana huko muda huwa mfupi, Kenya inakuwa miezi 12 badala ya ile miaka 3, California unatakiwa uwe umepeleka madai yako kwao ndani ya miezi 6.

Sasa hii ndo sehemu wanayopotelea wengi. Kinachosimamisha ile hesabu kwa kawaida ni hati ya madai kupokelewa masijala ya mahakama na kugongwa muhuri. Sio simu, sio meseji, sio ahadi, sio faili kuwa mezani kwa mtu. Zipo nchi chache kama Ujerumani ambako mkiwa kwenye mazungumzo ya kweli hesabu inasimama kwanza, lakini sehemu nyingi hakuna huruma hiyo, mnaongea na siku zinakwenda.

Kuna baba mmoja alikuja ofisini kwetu asubuhi, shati limepigwa pasi vizuri, mkono wa kushoto hauinuki kupita bega. Alikuwa na daftari. Kila simu aliyompigia mtu wa bima ameiandika, tarehe, saa, na alichoambiwa, kurasa kwa kurasa, tunasubiri ripoti, bosi yuko likizo, piga wiki ijayo. Nikashusha kalenda ukutani nikahesabu naye, nikarudia tena kuhesabu maana nilitaka niwe nimekosea. Ilikuwa miaka 3 na siku 11. Ukiangalia lile daftari vizuri simu ya mwisho kupokelewa ilikuwa siku chache kabla muda haujaisha, baada ya hapo ameandika tu haipokelewi, haipokelewi, haipokelewi. Wakili alilisoma lote, akalifunga, akakaa kimya muda mrefu. Kuomba mahakama ikuongezee muda kupo kwenye baadhi ya nchi, lakini unaenda pale kuomba na sababu zako unabeba mwenyewe, na "tulikuwa tunaongea kwenye simu" ni sababu dhaifu sana.

Kuhusu kuwaudhi, ondoa hiyo hofu kabisa. Kwa bima kesi ni kazi ya kila siku kama wewe unavyoamka kwenda kazini kwako. Ukifungua mazungumzo hayafi, kesi nyingi za majeraha zinaishia kwenye makubaliano hata zikishakuwa mahakamani, tofauti ni kwamba sasa wanaongea na mtu ambaye hawawezi kumsubirisha mpaka haki yake iishe. Na usiseme miezi minane ni michache bado niko ndani ya muda. Wakili anahitaji ripoti ya daktari, ripoti ya polisi, anahitaji kujua gari ni la nani kwenye karatasi, maana unaweza kumshtaki dereva kumbe mwajiri wake ndo anatakiwa awepo, ukaja kugundua wakati muda wa kumuingiza huyo wa pili umeshapita. Hiyo nimeiona, tena sio mara moja.

SWALI: Habari dada. Wiki tatu zilizopita niliteleza dukani, maji yamemwagika sakafuni na hakuna hata kibao cha kuonya. Watu wakawa wananiangalia, nikaona aibu nikanyanyuka nikamwambia muuzaji niko sawa nikaondoka zangu. Kesho yake mgongo ukaanza na sasa hivi hata kuinama kufunga viatu nashindwa. Sijaenda hospitali maana nilidhani utaisha wenyewe. Je nimeshaharibu?

JIBU: Hujaharibu mdogo wangu, ila soma hii halafu ondoka ulipokaa.

Kwa upande wa sheria wewe una muda mwingi tu. Kwa upande wa ushahidi huna. Watu wakiulizia madai wanaulizia miaka mingapi, miaka mingapi, wakati vitu vinavyoshinda kesi vinakufa ndani ya siku. Chukua mfano wa kamera za CCTV za pale dukani. Mashine zake zinarekodi juu ya picha za zamani, nafasi ikijaa inafuta ya nyuma yenyewe, hakuna mtu anakaa kuamua kufuta. Zipo zinazofuta ndani ya siku chache, nyingi zinafika wiki kadhaa au mwezi hivi. Wewe uko wiki ya tatu. Kwahiyo leo, sio kesho, andika barua kwa mwenye duka, weka tarehe uliyoanguka, saa hata kwa kukadiria, sehemu gani ya duka, ulikuwa umevaa nini ili wakutambue, halafu omba picha za kamera za siku ile zisifutwe. Barua iwe nakala mbili, moja wakusainie na waweke tarehe kwamba wameipokea. Wakikataa kusaini ipige picha hapohapo kaunta na uitume pia kwa imeili au kwa meseji ili ibaki alama. Baada ya barua hiyo picha zikipotea itakuwa juu yao kueleza kwanini. Bila barua zikipotea zimepotea tu, hana kosa.

Halafu hospitali, na hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu kuna kosa dogo linaloangusha watu. Daktari akikuuliza una tatizo gani usimwambie mgongo unauma ukanyamaza. Mwambie niliteleza kwenye sakafu yenye maji tarehe fulani sehemu fulani nikaangukia upande huu. Kuna mama mmoja nilishika karatasi yake ya hospitali mwenyewe, imeandikwa kwa mkono mstari mmoja, "maumivu ya kiuno wiki 5", basi. Hakuna kuanguka, hakuna sakafu, hakuna duka. Wale wa upande wa pili wakaisoma wakauliza tu, tunajuaje hakuinua ndoo nyumbani? Mama alikuwa anasema kweli tupu lakini karatasi ya siku ya kwanza haikusema pamoja naye. Daktari anaandika ulichomwambia, usipomwambia haandiki, na ukirudi mwezi ujao kuongezea inaonekana kama umefundishwa.

Na kuhusu ulivyosema niko sawa, usijilaumu. Mwili ukishtuka unamwaga homoni zinazoziba maumivu kwa muda, ndo maana watu wanatoka kwenye ajali wanatembea wenyewe halafu kesho yake shingo haigeuki. Madaktari wanalijua hilo. Ila kila siku unayokaa bila kutibiwa pengo linakua, na pengo ndo wanalolipenda wale wa bima, wanasema kama ulikuwa unaumwa kweli mbona ulikaa siku ishirini?

Kulikuwa na mtu karibu yako aliyeona unaanguka? Mtafute sasa, muombe aandike kwa maneno yake alichokiona, aweke tarehe na saini. Kumbukumbu ya mtu haikai kama picha kwenye albamu. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wengine wakaulizwa yalikuwa na spidi gani yalipogongana, wengine wakaulizwa kwa neno zito zaidi, kama kusema yalipopondana. Wiki moja baadae wakaulizwa, mliona vioo vimevunjika? Hakukuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika kwenye ile filamu. Wale wa neno zito 16 kati ya 50 wakasema waliviona, wale wengine 7 kati ya 50. Wiki moja tu hiyo, na neno moja. Sasa fikiria shahidi wako anaulizwa mahakamani baada ya miaka miwili na wakili mwenye maneno yake.

Viatu ulivyovaa siku ile usivivae tena wala usivioshe, viweke kwenye mfuko. Na risiti zote, za dawa, za usafiri, za vipimo, zitoe kopi au zipige picha siku hiyohiyo maana zile za karatasi laini ya mashine wino wake unafifia. Nimeshamwaga bahasha ya mteja mezani tukakuta vikaratasi vyeupe pee, ameweka kila kitu kwa uaminifu mwaka mzima na hakuna hata namba moja inayosomeka.

SWALI: Mama shikamoo. Mwanangu ana miaka 6, alianguka kwenye bembea ya shule akavunjika mkono karibu na kiwiko, mnyororo wa bembea ulikuwa umeliwa na kutu ukakatika. Shemeji yangu anasema mtoto hana haraka, muda unaanza kuhesabiwa akifika miaka 18. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mama, mpe pole mwanetu. Shemeji yako hajakudanganya, nchi nyingi zinafanya hivo, Uingereza kwa mfano yule mtoto ana mpaka siku anatimiza 21 kwasababu ile miaka 3 inaanza akiwa mtu mzima. Lakini hiyo sheria imewekwa kumlinda mtoto ambaye wazazi wake hawakufanya kitu. Haijawekwa ili wazazi wasifanye kitu.

Jiulize huo mnyororo uko wapi saa hizi. Shule itaubadilisha, na ni vizuri waubadilishe kabla mtoto mwingine hajaanguka, lakini wa zamani utaenda kwenye vyuma chakavu na ndo huo unaoonyesha kutu ilikuwa ya miaka na sio ya jana. Nenda kaupige picha kwa karibu pale ulipokatika, omba shule iutunze, omba kwa maandishi, omba na nakala ya kitabu wanachoandikia ajali za watoto. Miaka 12 ijayo yule mwalimu wa zamu atakuwa hayupo, mkuu wa shule mwingine, na mwanao mwenyewe anachokumbuka ni kulia tu.

Kitu kingine ambacho shemeji hakukuambia, zile pesa ulizotoa wewe mfukoni kwa matibabu na siku ulizokosa kazi, kwenye sheria nyingi hayo ni madai yako wewe mtu mzima na muda wako wewe unakwenda kama kawaida. Unaweza kumsubirisha mtoto ukajikuta yeye bado ana haki na wewe yako imeshakufa.

Ila kumaliza usikimbilie. Mfupa wa mtoto una sehemu inayokua, ikiumia hapo mkono unaweza kukua umepinda au ukawa mfupi kuliko mwenzake na hilo linaonekana baada ya miaka. Kwahiyo fungua mapema, kusanya kila kitu mapema, halafu daktari wa mifupa aseme lini anaweza kuona matokeo ya mwisho. Sehemu nyingi makubaliano ya fidia ya mtoto yanapitishwa na hakimu kwanza, na mimi naona ni jambo jema sana, maana mzazi mwenye deni la hospitali anaweza kukubali chochote.

SWALI: Habari za kazi binti yangu. Mimi nina miaka 61, nilisaga na kuchonga mawe miaka 19, kazi niliacha miaka 9 iliyopita. Kifua kimenisumbua muda mrefu nikaambiwa ni uzee. Mwaka huu nimepigwa eksirei daktari akasema ni vumbi la mawe, silikosisi. Kijana wangu anasema baba achana nayo muda umepita zamani.

JIBU: Shikamoo baba. Kijana wako anahesabu kuanzia siku ulipoacha kazi, na mimi nataka tuhesabu kuanzia siku ya ile eksirei, kwasababu kwenye nchi nyingi sasa ndo hesabu inavyoanza kwa magonjwa ya namna hii, pale ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba unaumwa kitu kikubwa na kimetokana na kazi.

Haikuwa hivi zamani. Kulikuwa na wafanyakazi kule Sheffield, Uingereza, waliokuwa wanasafisha vyuma kiwandani wakivuta vumbi miaka mingi. Mapafu yakaharibika polepole bila wao kujua, maana vumbi hili linakaa ndani hata miaka kumi na zaidi kabla halijaonyesha kitu. Walipogundua wakaenda mahakamani, ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1963 wakaambiwa muda ulianza kuhesabika mapafu yalipoanza kuumia, hata kama hakuna mtu ambaye angeweza kujua. Yaani haki yao iliisha kabla hawajajua wanayo. Majaji wenyewe waliona sio haki lakini sheria ndo ilivyokuwa, na mwaka huohuo wa 1963 bunge lao likaibadilisha.

Kwahiyo baba ile karatasi ya majibu yenye tarehe ni kitu cha thamani kuliko unavyodhani, itunze. Na kwasababu hesabu mpya imeanza siku hiyo usiiache nayo ikapita, nenda kwa wakili mwezi huu. Muulize pia kuhusu fidia ya kazini ile isiyopitia mahakamani, ina muda wake tofauti na mara nyingi mfupi, Kenya kwa ajali za kazini sheria ya mwaka 2007 inataka madai yawe yamepelekwa ndani ya miezi 12. Tafuta wale mliokuwa mnafanya nao kazi walio hai bado, nani alikuwa anakaa mashine ya pili yako, mlikuwa mnapewa barakoa au mlijifunga vitambaa. Tafuta kitambulisho cha zamani, hati ya mshahara, hata picha mkiwa wote weupe kwa vumbi. Na umwambie kijana akusaidie kubeba hayo mafaili, ukipanda ngazi kifua kinabana.

SWALI: Dada mimi ajali yangu ina siku sita tu. Mtu wa bima amekuja mpaka wodini na fomu, mkarimu sana, anasema nikisaini leo hela naipata ijumaa. Nahitaji hiyo hela kweli. Si ndo kuharakisha unakosema?

JIBU: Hapana mdogo wangu, na nashukuru umeuliza kabla hujasaini. Haraka ninayoisema ni ya kutoa taarifa, kutibiwa, kukusanya ushahidi na kufungua madai. Kusaini ndo kitu pekee humu ndani ambacho hakina haraka.

Tafuta kwenye hiyo fomu maneno kama "malipo kamili na ya mwisho". Ukishaweka saini hapo umeuza kila kitu, hata ambacho bado hakijaonekana. Siku ya sita daktari hajui kama goti litakunja, hajui kama utahitaji operesheni ya pili. Ukija kuhitaji mwakani utailipia mwenyewe. Muombe huyo bwana mkarimu akuachie nakala umpelekee mtu akusomee, kama ofa yake ni ya haki itakuwa ya haki na wiki ijayo pia. Na kama shida ni hela ya matibabu uliza kama wanaweza kulipa bili za sasa bila kufunga madai, zipo bima zinakubali, ila iandikwe hivo.

SWALI: Mama, nikiwa kwenye ndege nilimwagiwa maji ya moto mapajani na mhudumu, kovu ninalo mpaka leo. Shirika lilisema litanirudia. Leo nimeambiwa madai ya ndege yanaisha miaka miwili, na yangu inatimia baada ya siku tisa. Nifanye nini?

JIBU: Huyu sikusubiri gazeti litoke, nilimpigia siku hiyohiyo. Alichoambiwa ni kweli, safari za kimataifa nyingi ziko chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 na kule muda ni miaka 2 tangu siku ndege inafika, na ukiisha haki yenyewe inafutika, hakuna cha kuomba kuongezewa. Nikamwambia asiandike barua nyingine kwa shirika, hiyo haisimamishi kitu, atafute tiketi yake, picha za kovu na karatasi za hospitali, aende kwa wakili kesho asubuhi, na neno la kwanza likiwa ni tarehe ya mwisho, hadithi baadae. Wakili wa kwanza alimwambia arudi wiki ijayo. Akatoka akaingia kwa wa pili mtaa huohuo.

Jumamosi kanitumia picha, ukurasa wa kwanza wa hati ya madai umeshapokelewa masijala, zikiwa zimebaki siku mbili. Muhuri umegongwa upande lakini tarehe inasomeka.